Namba Nne Amekwenda Kijijini

Boatemaa aliuchomoa waya wa sanduku kwa makusudi, ili watu waone. Akawaambia wasubiri. Baada ya nusu dakika simu zote uani zikalia pamoja, na kwenye kila kioo yakatokea maneno matatu: Namba Nne limekufa.

"Mnaona?" akasema. "Sanduku likinyamaza, tunajua papo hapo."

Baffour, msemaji wa chifu, alikuwa amekwisha kusimama, simu ameishika mbali na mwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi, Mzee."

"Hapa ni ua wa nani?"

"Wa Nana."

"Na ndani ya ua wa Nana, wewe mtoto uliyekulia humu humu, unatutumia ujumbe kwamba kuna kilichokufa? Watu kumi na wawili wameupata. Mmoja akimsomea mke wake, mke akimwambia jirani, jioni watakuja hapa na vilio na udongo mwekundu wa msiba kichwani. Utawajibu nini?"

Nana Fofie mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake, viatu vya chifu miguuni, anacheka bila sauti mpaka tumbo linatikisika. Alikuwa chifu wa Nsuano, kitongoji cha nyumba sitini kando ya mto Asubene. Alikuwa pia kaka wa bibi yake Boatemaa, na ndiye aliyemlea tangu msichana huyo alipofiwa na mama akiwa na miaka sita. Nyumba yake ilikuwa karibu na maji kuliko zote. Watu walimsihi ahamie juu, akasema chifu hakimbizwi na mto alioukuta.

"Baffour, kaa chini, utapasuka mshipa," akasema. "Mwanangu, chifu akiondoka duniani tunasemaje?"

"Tunasema amekwenda kijijini, Nana."

"Na chakula chake?"

"Kinapikwa. Kinapelekwa. Wageni wanaambiwa warudi siku nyingine. Hakuna kulia mpaka ikulu ya chifu itangaze."

"Basi. Mashine inayokaa kwangu nayo ina cheo. Isife. Iende kijijini."

Watu wakaangua kicheko, hata Baffour. Boatemaa akafungua kompyuta yake pale pale, akafuta neno moja, akaandika mengine. Akaunganisha waya, akauchomoa tena. Simu zikalia: Namba Nne amekwenda kijijini. Mama Pokuaa, mkubwa wa wanawake wanaokaanga gari, ule unga wa muhogo, pale chini bondeni, alicheka mpaka akamwaga supu.

Hivyo ndivyo maneno yale yalivyoingia. Kwa heshima, na kwa kicheko.

Masanduku yalikuwa matano. Katika kila moja kulikuwa na kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, betri, kioo cha jua, na waya uliokwenda mpaka kwenye kipimo ndani ya mto. Namba Moja na Namba Mbili yalikuwa juu, kwenye vilima mvua inakoanzia. Namba Tatu lilikuwa kwenye mapana ya mto, Namba Nne kwa Nana, na Namba Tano chini darajani. Ilikuwa kazi ya mwaka wa mwisho chuoni, ya Boatemaa na mwenzake Dwumfour, katika somo liitwalo Mifumo Iliyotawanyika. Kwa maneno ya mtu wa kawaida ni hivi: kompyuta nyingi ziko mbalimbali, hazionani, zinatumiana ujumbe tu, na unataka zikubaliane jambo moja kama watu wa nyumba moja.

Jambo lenyewe lilikuwa king'ora. Kilikaa mlimani, juu ya paa la shule. Masanduku matatu kati ya matano yakisema maji yamepanda, king'ora kinalia chenyewe na Nsuano inakimbia. Mawili hayatoshi. Waliweka sheria hiyo kwa sababu mwaka wa nyuma ng'ombe alijikuna kwenye kipimo kimoja, king'ora kikalia kutwa nzima, bibi kizee mmoja akavunjika nyonga akikimbia mto uliokuwa umelala. Baffour alikitoza chuo kondoo wawili na chupa ya kinywaji.

Somo lenyewe lilifundishwa na Dokta Amissah, Mfante mwembamba wa pwani, suruali yake siku zote ina chaki. Aliwarudishia karatasi zao wiki tatu kabla ya mtihani. Boatemaa akakuta mstari mmoja umezungushiwa wino mwekundu.

"Hili la kwenda kijijini," Dokta akasema, "umemwona akifunga mizigo?"

"Ni heshima tu, Dokta. Nana ndiye aliyeomba."

"Mimi pia natoka kwenye machifu, usinifundishe. Nakuuliza wewe kama mtu wa kompyuta. Sanduku limenyamaza. Unajua nini?"

"Kwamba limekufa."

"Hujui."

"Basi… limezimika."

"Hujui hilo pia. Labda linakuja polepole. Labda mnara wa simu umeanguka na sanduku liko hai linapiga kelele peke yake. Aliyekufa na aliyechelewa, ukiwa mbali, wanafanana kama mapacha. Unachokijua ni kimoja: halijajibu tangu saa fulani. Andika hicho. Badilisha kabla ya kumkabidhi mtu yeyote simu."

"Nitabadilisha, Dokta."

Na alikusudia kubadilisha. Lakini wiki ile mashine mbili zilianza kila moja kujiita kiongozi, kila moja ikitoa amri zake, na yeye na Dwumfour walishinda wakizipatanisha kama wazee wanaosuluhisha wake wenza. Walipomaliza walikuwa wamechoka. Mstari mmoja wa maneno, tena maneno ya heshima, ulikuwa kitu kidogo. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha, lakini usaha hauonekani siku ya mzaha.

Simu ya king'ora alikabidhiwa Atanga, mlinzi wa shule, mtu wa kaskazini, wa huko Bolgatanga. Alikuwa na pikipiki nyekundu na sauti ya kuitia mbuzi. Siku ile ya kicheko kwa Nana hakuwepo. Alikuwa mlimani anapaka rangi mageti.

"Madam, lugha yenu ya Twi inanikimbia," alimwambia Boatemaa. "Naelewa ya sokoni: ngapi, punguza, mwizi. Kwa hiyo hawa watunza masanduku mimi nimewapa namba. Yule wa vilimani ni Moja. Yule mlevi ni Tatu. Na yule mzee wako ni Nne."

"Usimwite Nana 'Nne', atakutoza kondoo."

"Mbele yake namwita Nana. Nyuma yake Nne. Namba hazinidanganyi."

Walicheka. Boatemaa akabandika karatasi ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe. Sanduku likinyamaza, panda pikipiki ukaone maji kwa macho yako. Ukiona yamepanda, rudi upige king'ora kwa mkono. Usikipige kwa amri ya mtu yeyote anayekupigia simu, hata akisema ni sisi. Hilo la mwisho aliliongeza Dwumfour, kwa sababu ya vijana wa mjini wenye utani mbaya.

Siku ya mtihani ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Juni. Chuoni jua lilikuwa kali, mijusi imelala juu ya saruji. Mlangoni waliacha simu zao kwenye kikapu, kama sheria ilivyotaka. Ndani walikaa watahini watatu: Dokta Amissah, mkuu wa idara, na profesa mmoja mama aliyetoka chuo kingine, miwani yake inaning'inia kwa mnyororo. Saa tano kamili Dwumfour akawasha projekta, picha ikatua ukutani.

Miduara mitano ikatokea, mmoja kwa kila sanduku. Namba Moja ilikuwa nyekundu, maji yamepanda. Mbili nyekundu. Tatu kijani. Tano kijani. Nne haikuwa na rangi. Ilikuwa ya kijivu, na chini yake pameandikwa: Namba Nne amekwenda kijijini, saa nne na robo.

Boatemaa aliyasoma maneno yake mwenyewe kama yameandikwa na mtu mwingine.

"Hii ni picha mliyoitengeneza, au ni mto wenyewe?" profesa akauliza.

"Ni mto wenyewe," akasema Dwumfour. "Sasa hivi."

"Na huyu aliyekwenda kijijini?"

Mkuu wa idara akamnong'oneza maana yake. Profesa akacheka, akapiga meza. "Mashine yenye adabu! Hii lazima niwasimulie nyumbani." Wote wakacheka isipokuwa Dokta Amissah. Yeye alikuwa anaitazama saa iliyoandikwa pale ukutani.

"Endeleeni," akasema mkuu wa idara. "Tueleze, binti, kwa nini tatu na siyo mbili."

Akaeleza. Alisema habari ya ng'ombe, wakacheka tena. Alisikia sauti yake ikitoka vizuri, safi, na huku nyuma ya sauti hiyo anahesabu. Vilimani nyekundu, zote mbili. Tatu iko kwenye mapana, pale maji hutanda kwanza, hukawia kupanda. Tano iko mbali. Kura ya tatu ilikuwa ya Nne, na Nne haipigi kura. Lakini Atanga amekwisha kupata ujumbe tangu saa nne na robo. Amekwenda kuona. Pikipiki ni dakika ishirini. Amekwisha kurudi.

Basi mbona king'ora hakijalia? King'ora kikilia, pembeni ya ukuta inawaka taa. Taa ilikuwa imezima.

"Na ikitokea mbili zinasema ndiyo, na ya tatu imenyamaza?" profesa akauliza.

"Mlinzi anakwenda kuangalia," akasema.

"Anajuaje kwamba aende?"

"Anapata ujumbe."

"Unasemaje?"

Boatemaa akafungua mdomo. Hapo ndipo alipomwona Atanga kama amesimama mbele yake, simu mkononi, anasoma polepole kwa kidole. Namba Nne. Amekwenda. Kijijini.

Alitoka mbio, akamwaga kikapu chote cha simu sakafuni mpaka akaipata yake. Saa tano na dakika kumi na tisa. Alikuwa amesimama pale ndani dakika karibu ishirini akitafuta alama.

Alimpigia Nana kwanza. Simu iliita. Iliita mpaka ikachoka yenyewe. Akapiga tena, ikaita. Haikusema mteja hapatikani. Iliita tu, mahali fulani, na hakuna aliyeipokea. Dokta Amissah alikuwa amemfuata hadi mlangoni.

Akampigia Atanga. Alipokea mara moja, mdomo umejaa.

"Madam! Mtihani umepita?"

"Atanga, uko wapi?"

"Hapa hapa shuleni, nakula kenke. Mvua ya kwenu leo ina kichaa."

"Ujumbe wa Nne hukuupata?"

"Nimeupata. Nikasema haya, mzee amesafiri bila kuniaga. Atarudi Jumatatu."

"Hajasafiri! Limekufa!"

Kutafuna kukakoma. "Nani amekufa?"

"Sanduku! Sanduku limenyamaza!"

"Mbona ujumbe unasema amekwenda kijijini?"

"Ndiyo namna ya kusema limekufa!"

"Madam, sema pole pole. Ukisema mtu amesafiri, amesafiri. Ukisema amekufa, amekufa. Mimi nijue lipi?"

"Piga king'ora, Atanga. Nakuomba. Piga sasa hivi."

Akajibu kwa sauti ya mtu anayesoma: "Usikipige kwa amri ya mtu yeyote anayekupigia simu, hata akisema ni sisi. Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Sasa?"

"Atanga, toka nje. Nenda pale ukutani mwa shule, tazama chini bondeni. Tazama tu."

Alisikia viatu kwenye changarawe, na mvua juu ya bati ikizidi kadiri alivyotoka. Kisha hakusikia viatu. Alisikia pumzi. Halafu Atanga akasema neno moja la lugha ya kwao, na simu ikagonga chini.

Mlio wa king'ora aliusikia kupitia ile simu iliyoanguka. Ukutani ndani ya chumba taa ikawaka, na yule profesa, ambaye alikuwa hajaelewa, akapiga makofi kidogo.

Dokta Amissah aliwapeleka kwa gari lake. Njiani Dwumfour alisema: "Nne imebaki kijivu." Alikuwa na kompyuta mapajani. Baada ya muda akasema Tatu imegeuka nyekundu, akaifunga. Jua la chuoni liliwafuata nusu ya safari, kisha likakatika kama kitambaa, wakaingia kwenye mvua.

Bonde lilikuwa limekuwa ziwa la rangi ya chai ya maziwa. Masufuria ya kukaangia muhogo yalielea, moja limebeba kuku. Watu wa Nsuano walikuwa mlimani, kwenye madarasa, wamelowa, wanahesabiana kwa majina. Mama Pokuaa alikuwa na orodha kichwani na alikuwa anaipitia mara ya tatu.

"Wanawake wangu wote wapo," akamwambia Boatemaa, akamshika kwa mikono miwili. "Watoto wapo. King'ora kilipolia maji yalikuwa magotini. Kingechelewa tena kidogo tu, mwanangu…"

"Nana?"

Mama Pokuaa akaiachia mikono yake.

"Mama, Nana yuko darasa gani?"

"Nilimwona asubuhi. Kama saa nne. Mvua ilikuwa ndiyo imeanza kukaza. Alitoka na mwavuli kwenda kwenye lile sanduku lako, waya ulikuwa umechomoka kwa upepo. Nikamwambia Nana, mwache kijana mmoja aende. Akasema, leo mtoto wangu yuko mbele ya walimu wake, sanduku langu lisimtie aibu." Akaelekeza kidole bondeni. "Sisi tukarudi kwenye moto. Moshi ulikuwa mwingi. Tulijua amerudi ndani."

Boatemaa akahesabu. Saa nne na robo. Waya ulipochomoka na mtu alipokuwa ameinama kuurudisha, sanduku halikuweza kusema lolote. Kwa niaba yake ulisema mstari ule alioliandikia yeye.

Pikipiki nyekundu ilipanda kutoka bondeni ikiteleza. Atanga aliiendesha, ametapakaa tope mpaka nyusi. Nyuma yake alikaa Baffour, msemaji wa chifu. Baffour alishuka, na watu wakampisha. Hakuwa na viatu. Alikuwa ameshika kitu kifuani, ndani ya nguo yake, na nguo ilipovutwa na upepo Boatemaa akaona ukanda mweusi wa kiatu kikubwa cha chifu. Kilikuwa kimoja.

Baffour aliwatazama watu wake, kisha akamtazama yeye. Uso wake haukuwa na kitu.

"Watu wa Nsuano," akasema. "Nana amekwenda kijijini. Mama Pokuaa, chakula chake cha jioni kipikwe kama kawaida."

"Tumesikia," wakajibu.

Mama Pokuaa akageuka, akaanza kuuliza nani ana sufuria kavu. Mwanamke mmoja alifungua kinywa, jirani yake akamfinya. Hakuna aliyelia. Hairuhusiwi, mpaka ikulu itangaze, na ikulu yenyewe ilikuwa chini ya maji. Boatemaa alikaza meno mpaka taya likamuuma. Dwumfour alitazama sakafu. Dokta Amissah alivua kofia, akakumbuka, akaivaa tena haraka.

Atanga peke yake ndiye aliyepumua. Alikuwa amekwenda mpaka ilipokuwa nyumba, hakuikuta, akamkuta huyu mzee peku kwenye mianzi, akambeba bila kuuliza. Roho yake ilikuwa imekaa juu juu njia nzima. Sasa alijipangusa uso kwa kiganja, akamgeukia Boatemaa, tope linamtiririka, na meno yake yakaonekana.

"Si nilikuambia, madam?" akasema. "Amesafiri. Na wewe ulivyonipigia kelele."

Watu wote walimtazama. Boatemaa akamtazama Baffour, kama anaomba ruhusa. Baffour akatikisa kichwa, kidogo sana.

"Ndiyo," akasema Boatemaa. "Uliniambia."

"Jumatatu atarudi," Atanga akasema, akainama kuisafisha pikipiki yake kwa majani.